Nimeivisha Xfce leso: tathmini ya ukanda wa juu wa dirisha, kutoka saiba ya Mombasa

Kompyuta tatu za saiba yangu, nyuma ya Mtaa wa Biashara hapa Mombasa, zinatumia Xubuntu 24.04, mfumo wa bure wa jamaa ya Linux, na Xubuntu huja na Xfce ndani yake, yaani sehemu inayochora na kusimamia madirisha, menyu na mipangilio. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Watu wakiisifu Xfce husema ni nyepesi, na ni kweli: kompyuta zangu ni za mtumba, nilizinunua shilingi 12,000 kila moja, zina giga 4 za kumbukumbu, na zinafanya kazi kutwa bila kukwama. Lakini mimi nataka kuieleza kwa kitu ambacho wengi hawakitazami kabisa, nacho ni ule ukanda wa juu wa kila dirisha, unaoandikwa jina la faili na kubeba vitufe vya kufunga, kupanua na kuficha. Nitauita ukanda wa jina. Katika saiba, kazi ya mteja hupotea hapo kuliko mahali pengine popote.

Kisa kilichoniingiza kwenye mambo haya ni hiki. Mzee mmoja wa Kuze alikuja na barua ya mpaka wa shamba la familia yao. Nikamwambia nitamchapia, akakataa. "Hapana mwanangu, maneno haya nataka niyapige kwa mkono wangu." Alikaa saa nzima na nusu, kidole kimoja kimoja. Karibu na mwisho akataka kulishusha dirisha ili aitazame tena picha ya ramani iliyokuwa nyuma yake. Vitufe vyote vitatu vilikuwa pembe moja, vidogo, rangi ya kijivu juu ya kijivu. Akabonyeza ule msalaba wa kufunga. Likatoka sanduku la Kiingereza linamwuliza kama ahifadhi. Akabonyeza palipo karibu ili liondoke, na barua ikaondoka nalo. Akageuka, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, barua yangu imekwenda wapi?" Nilitafuta kila pembe, haikupatikana. Sikumtoza hata ndururu. Wiki iliyofuata alirudi na karatasi aliyoiandika kwa kalamu usiku, tukaanza upya.

Mfumo uliokuwamo siku hiyo si hoja, kwa sababu karibu mifumo yote imepanga hivyo. Nilichojiuliza ni kwa nini kitufe kinachoficha kazi na kinachoiua vikae nyumba moja. Nikasoma historia yake. Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, pembe ya kulia ilikuwa na mishale miwili tu, ya kushusha na kupanua. Kufunga kulikuwa upande wa kushoto, kwenye kisanduku ulichobonyeza mara mbili. Windows 95 ndiyo iliyouleta msalaba pembe ya kulia, karibu na wenzake. Kompyuta za Mac zimeweka vitufe vyao vya nyekundu, manjano na kijani upande wa kushoto tangu Mac OS X ya 2001. Ubuntu, ndugu mkubwa wa Xubuntu, ilivihamishia kushoto katika toleo la 10.04, Aprili 2010, kisha katika toleo la 17.10, Oktoba 2017, ikavirudisha kulia. Kumbe ni uamuzi wa watu, na watu wengine wanaweza kuamua vingine. Hapo ndipo Xfce inapojipatia nafasi kwangu.

Ukifungua mipangilio ya Xfce na kuingia sehemu ya kusimamia madirisha, ukurasa wa kwanza ni wa mtindo. Kushoto kuna orodha ya mitindo. Kulia unachagua aina ya herufi za jina, na kama jina likae kushoto, katikati au kulia. Chini yake utaona vitufe vyenyewe vimepangwa kama vigae, na jina limekaa kati yao. Unakishika kitufe kwa mausi, unakivuta upande uutakao. Usichokitaka unakitupa kwenye safu ya vilivyofichwa. Hakuna kuwasha upya, hakuna kubonyeza "sawa". Ukikiachia tu, madirisha yote yaliyo wazi yanabadilika papo hapo. Nimejaribu mifumo mingi, sijaona pengine jambo hili lilivyo wazi namna hii. Windows 11 itakuruhusu kuupaka ukanda rangi, lakini mipangilio yake haikupi njia ya kuhamisha vitufe. GNOME, mwenzake Xfce katika Linux, hukuwekea kitufe cha kufunga peke yake, na hivyo vingine huviongezi mpaka uwe na programu ya pembeni.

Mimi nimekihamishia cha kufunga kushoto, peke yake, na viwili vilivyobaki nimeviacha kulia. Ndani, Xfce huuandika mpango huo kwa herufi chache tu: C ya kufunga, kisha mstari wima unaosimamia jina, kisha H ya kuficha na M ya kupanua. Dirisha likiwa limejaa kioo, kutoka kuficha mpaka kufunga ni upana mzima wa skrini. Mkono haukosei kwa umbali huo. Wateja waliozoea saiba nyingine walinung'unika siku mbili tatu, hasa vijana wanaokuja kujaza fomu mbio mbio, na msimu wa marejesho ya kodi, kabla ya tarehe 30 Juni, foleni inapofika mlangoni, nilisikia "Bosi, hii inafungwa wapi?" mara nyingi. Lakini tangu nihamishe, hakuna aliyefunga kazi yake bila kukusudia. Kwangu malipo hayo yanatosha.

Rangi ni jambo la pili, na hapa jiografia inaingia. Mlango wangu unatazama magharibi. Kuanzia saa tisa jua linaingia mpaka kwenye meza ya kwanza, na kioo kinakuwa cheupe. Mtindo wa kawaida wa Xubuntu, uitwao Greybird, ni mzuri, umetulia, lakini ni wa kijivu, na alasiri pale Mombasa kijivu hakionekani. Mbaya zaidi, dirisha unaloliandikia na dirisha lililo nyuma vinatofautiana kidogo sana. Mteja anaangalia dirisha moja huku maneno yake yanaingia kwenye jingine. Greybird yenyewe ina ndugu yake wa watu wenye uoni hafifu, mwenye vitufe vikubwa na mipaka minene, nami nilimtumia miezi miwili. Ni msaada wa kweli, na mtu asiyetaka kuchora chochote aishie hapo. Mitindo mingine huja na Xfce yenyewe, na nilipoipitia orodha nikaona mmoja umeitwa Moheli. Moheli ni Mwali, kisiwa mwenza wa Ngazija na Nzuani, cha jirani zetu wa Komoro! Sikutarajia kukutana nacho mle. Niliuweka siku nzima kwa mapenzi ya jina tu.

Lakini nilichokitaka hakikuwamo katika orodha, nikaamua kukichora.

Mtindo wa madirisha wa Xfce ni folda ya picha ndogo ndogo na faili moja ya maandishi. Unaiweka ndani ya folda iliyofichwa ya .themes iliyo katika folda yako kuu ya Home, mle ndani unafungua nyingine uipe jina xfwm4, na yote yanakaa humo. Kila kitufe kina picha yake ya dirisha linalotumika, picha ya dirisha lililo nyuma, na picha ya wakati kinapobonyezwa. Ukitaka, hata ya wakati mausi inapopita juu yake. Ukanda wenyewe hugawanywa vipande vitano, kutoka kushoto mpaka kulia, na kipande cha tatu ndicho kinachokaa chini ya maandishi. Xfce hukirudiarudia cha kwanza, cha tatu na cha tano mpaka vijaze upana wa dirisha.

Niliposoma neno "kurudiarudia" nikaona pindo la leso. Duka la shangazi yangu la leso liko mtaa huu huu, nimekua kati ya majora. Leso ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina. Dirisha nalo lina pindo, lina mji ambamo kazi hufanyika, na lina jina juu. Nikachagua kisutu, ile leso ya arusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwa sababu rangi hizo tatu hata jua la saa tisa haliziwezi.

Jaribio la kwanza lilishindwa, na kushindwa kwake kumenifunza kuliko yote. Nilitandaza nakshi ya kisutu ukanda mzima, kutoka pembe hadi pembe. Ikapendeza sana, na jina la faili halikusomeka hata kidogo: herufi nyeupe zilipotelea kwenye vidoto vyeupe. Nikamwita shangazi aje aone. Alitazama kidogo tu, akasema: "Wewe, tangu lini jina likaandikwa juu ya maua? Jina lina kisanduku chake." Nikaenda dukani nikafunua leso kumi, na kumi zote jina limewekwa kwenye kisanduku chake cha rangi tupu, maua yamezuiwa nje. Waliochora leso walilimaliza tatizo hili zamani, mimi nikilihangaikia. Basi kipande cha tatu, kile cha chini ya maandishi, nikakipaka nyekundu tupu. Nakshi nikaiweka kwenye kipande cha kwanza na cha tano tu, ili ijaze kulia na kushoto. Jina likae katikati, herufi nene, ukubwa wa 13. Sasa mteja aliyesimama mlangoni anaweza kusoma ni faili gani iliyo wazi.

Picha zinachorwa kwa GIMP, programu ya bure ya kuchora, na kuhifadhiwa kwa aina iitwayo XPM. Aina hii ni ya mwaka 1989, na ina uzuri ambao picha nyingi za leo hazina: ni maandishi matupu. Ifungue kwa Mousepad, kihariri cha Xfce, karibu na juu utaona mstari wenye namba nne. Wangu unasema 16 28 3 1, yaani pikseli (vitone vinavyounda picha) 16 kwa upana, 28 kwenda chini, rangi tatu, na kila rangi inawakilishwa na herufi moja. Baada ya hapo rangi zinatajwa, halafu picha yenyewe, safu kwa safu, nukta ni nyekundu, X ni nyeusi, o ni nyeupe. Unaiona nakshi kwa macho yako ndani ya maandishi. Shangazi, ambaye hushona kofia za vito jioni, alivuta kiti. Akaanza kuhesabu herufi kama anavyohesabu vitobo: "Hapa umezidisha kimoja. Safu ya tisa." Nilitazama safu ya tisa, kweli nukta moja ilikuwa imezidi, na ndiyo iliyokuwa ikipindisha nakshi kila ilipojirudia. Nilikuwa nimeitafuta kasoro hiyo kwenye GIMP usiku kucha. Niliifuta kwa kitufe kimoja cha kibodi.

Kisha vitufe. Mtindo hauna lazima vitufe viwe vya mraba, wala viwe na upana mmoja. Xfce hupima picha uliyoiweka na kuipa nafasi yake. Kwa hiyo nikaondoa msalaba, nikaandika neno. Kushoto pana kitufe cheusi cha pikseli 64 kinachosema FUNGA kwa herufi nyeupe. Kulia kuna FICHA na PANUA. Na kwa kuwa kitufe cha kupanua huruhusiwa picha ya pili kwa dirisha lililokwisha kupanuliwa, hapo kinageuka kuwa RUDISHA. Kompyuta inayosema Kiswahili kwenye vitufe vinavyobonyezwa kutwa! Mama mmoja anayekuja kila mwezi kuchapisha risiti za chama chao alivisoma kwa sauti, kimoja kimoja, halafu akakaa mwenyewe bila kuniita. Huyo kwa miaka miwili alikuwa akiniita kila anapotaka kufunga kitu.

Dirisha la nyuma nimelipa rangi ya mchanga tu, maandishi ya kijivu, bila nakshi. Moja lina kisutu, mengine yamevua. Hakuna tena kuandika kwenye dirisha lisilo lake.

Sasa kasoro, maana zipo na nyingine ni kubwa.

Kubwa kuliko zote: programu nyingi za siku hizi hujichorea ukanda wake zenyewe, na Xfce haina mamlaka juu yake. Firefox na Chrome hufanya hivyo, ila zote mbili zina njia ya kurudi. Kwenye Firefox unaingia mahali pa kupanga upya upau wa zana na kuweka alama kwenye kisanduku cha ukanda wa jina, pale chini; kwenye Chrome unabonyeza kulia kwenye nafasi tupu ya juu, karibu na vichupo, na kuchagua ukanda wa mfumo. Sekunde kumi, kisutu kinarudi. LibreOffice, ya kuandikia barua na hesabu, haina shida yoyote. Tatizo ni programu za jamaa ya GNOME. Mimi huskani vitambulisho kutwa kwa Simple Scan, na ile ina ukanda wake wa kijivu wenye vitufe vya kazi ndani yake, huwezi kuuvua. Nilichoweza ni kuingia kwenye kihariri cha mipangilio cha Xfce, sehemu ya xsettings, na kubadilisha thamani ya DecorationLayout ili msalaba uhamie kushoto kama kwenye madirisha mengine. Angalau mkono haupotei. Lakini haisemi FUNGA, na haivai leso, na kila ninapoifungua mbele ya mteja inaniuma, kwa sababu ndilo dirisha wanaloliona zaidi.

Pili, picha hizi hazikui. Pikseli 28 kwenye kioo changu cha inchi 19 ni urefu mzuri. Kwenye kioo kipya chenye pikseli nyingi zitakuwa kama uzi, na itabidi uchore seti nyingine kubwa. Xfce yenyewe huja na matoleo makubwa ya mtindo wake wa kawaida kwa ajili ya vioo hivyo, ila huo ni mtindo wao. Wako utauchora mwenyewe.

Tatu ni gurudumu la mausi. Ukiliviringisha juu ya ukanda wa jina, dirisha hujikunja kama jamvi, ukabaki ukanda peke yake. Mimi binafsi nalipenda jambo hili nyumbani. Saibani lilikuwa balaa: mteja anapandisha ukurasa, mausi imekwenda juu kidogo, dirisha linatoweka, anadhani ameharibu kompyuta ya watu. Limezimwa kwenye kompyuta zote tatu, katika marekebisho ya ziada ya madirisha, ukurasa wa wenye mahitaji maalum. Ningeshauri kila mwenye saiba alizime siku ya kwanza.

Na mipaka ya Greybird ya kawaida ni myembamba mno kushikika kwa mausi iliyochoka. Katika mtindo wangu nimechora mpaka wa pikseli 5. Asiyetaka kuchora ashike Alt na kuvuta kwa kitufe cha kulia cha mausi popote ndani ya dirisha, litabadilika ukubwa.

Nimeulizwa kwa nini nisitumie Plasma ya KDE, mwenzake mwingine Xfce katika Linux, ambayo inajulikana kwa kukubali kila aina ya mapambo. Nimeitumia kwenye laptopu ya binamu yangu, na ni kweli ina mengi: unavuta vitufe vile vile, unaongeza kitufe cha kulibakisha dirisha juu ya mengine, unabadilisha ukubwa wa vitufe kwa kuchagua tu, na unaweza kuliwekea dirisha moja sheria zake peke yake, hata kulivua ukanda kabisa. Mitindo yake ya kuchora hutumia picha za SVG, ambazo hukua bila kuharibika. Mwenye kompyuta mpya aende huko kwa moyo mmoja. Mimi nimebaki kwa sababu ya zile giga 4, na kwa sababu XPM nimeweza kuichora pamoja na mtu wa miaka sitini na tatu ambaye hajawahi kugusa GIMP.

Kwa jumla ilinichukua jioni sita, na hakuna senti niliyolipa. Kunakili mtindo kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ni kunakili folda moja tu.

Kompyuta ya tatu, ile ya karibu na ukuta ambako jua halifiki, bado ina kisutu kama wenzake, lakini shangazi ameshachagua leso yake: buluu ya bahari yenye pindo la korosho za manjano. Korosho moja imekula pikseli 22 kwa upana na mkia wake haujakaa sawa. Safu kumi na nne za kwanza ameshaniandikia kwa kalamu kwenye karatasi ya miraba, herufi kwa herufi, na Jumamosi baada ya alasiri atakuja tuzipige.